Nani ana ufunguo wa faili lako hospitalini?

Leo naomba tuache kidogo malaria na shinikizo la damu. Nataka tuzungumze kuhusu kitu usichokiona unapofika hospitali, lakini kinachoamua kama daktari atapata majibu yako sahihi, na kama majibu hayo yatabaki siri kati yako na yeye.

Tuseme ni Jumatatu asubuhi. Mtoto amekesha na homa, umempeleka hospitali. Mapokezi wanakuuliza namba ya kadi ya bima au namba ya simu, karani anabonyeza, na jina la mtoto linatokea kwenye kompyuta pamoja na uzito wake wa mara ya mwisho, dawa alizopewa na kipimo cha damu cha mwezi uliopita. Zamani karani huyo angeingia chumba cha mafaili, apekue makabati, na huenda angerudi mikono mitupu. Kwa hiyo niseme wazi tangu mwanzo kwamba naunga mkono kompyuta hospitalini. Nimeona wagonjwa wakirudia vipimo vilevile kwa sababu karatasi imepotea, na sitamani turudi huko.

Lakini faili la karatasi lilikuwa na ulinzi wake wa asili. Mtu aliyetaka kuiba mafaili elfu kumi alihitaji lori na vibarua. Faili la kompyuta linaweza kunakiliwa na mtu aliye nchi nyingine, usiku, na hospitali isijue mpaka miezi ipite. Ndiyo maana kila mgonjwa na kila mzazi anapaswa kujua jambo moja: mahali zinapokaa taarifa zake, mlango unamtambuaje anayebisha hodi?

Safari ya taarifa zako

Kompyuta ya mapokezi kwa kawaida haihifadhi faili lako. Faili liko kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia nyingine, ambayo imefungiwa kwenye chumba cha TEHAMA au imekodiwa mahali pengine. Ndani ya seva hiyo kuna kanzidata, ghala la taarifa za wagonjwa wote. Kila karani, muuguzi, mtaalamu wa maabara au mfamasia anapobonyeza, ombi lake linapita kwenye mtandao hadi kwenye ghala hilo, na jibu linarudi kwa njia hiyohiyo.

Katika safari hiyo kuna mambo manne ya kuthibitisha. La kwanza ni mtumishi mwenyewe. Mfumo unatakiwa kujua kwamba aliyekaa kwenye kiti ni muuguzi fulani, na kwamba muuguzi huyo anaruhusiwa kuona faili hili. Neno la siri peke yake halitoshi siku hizi. Panahitajika uthibitisho wa pili, kwa mfano namba inayotumwa kwenye simu yake, kama ile unayoletewa unapofanya miamala ya benki.

La pili halijulikani hata na madaktari wengi. Programu ya hospitali nayo ina jina lake na neno lake la siri la kuingilia kwenye kanzidata. Programu hiyo ndiyo inayokuombea taarifa kwa niaba ya karani. Kama fundi aliyeifunga aliacha neno la siri lilelile lililokuja nalo kutoka kiwandani, au aliipa programu uwezo wa kufanya lolote, pamoja na kufuta kila kitu, basi nidhamu yote ya wauguzi haitasaidia. Atakayepata ufunguo huo mmoja amepata wagonjwa wote.

La tatu ni seva yenyewe. Kompyuta ya mapokezi lazima ihakikishe kwamba inazungumza na seva halisi ya hospitali, wala haizungumzi na kompyuta ya tapeli iliyojiweka katikati. Hilo hufanywa kwa cheti cha kidijitali, ambacho kinafanana na kitambulisho cha kazi cha seva. Baada ya hapo mazungumzo yote hufumbwa, ili atakayeyanasa njiani aone herufi zisizo na maana.

La nne ni mahali. Kanzidata ya wagonjwa haina sababu ya kuonekana kwenye intaneti kwa dunia nzima. Inatakiwa ipokee maombi kutoka kompyuta zinazofahamika tu, na nyingine zote zigonge ukuta.

Mambo haya si mapya. Miaka ya 1980, wataalamu wa chuo cha MIT nchini Marekani walitengeneza utaratibu unaoitwa Kerberos, ambao unatumika hadi leo katika taasisi nyingi. Mtumishi hujitambulisha mara moja kwenye kompyuta ya ulinzi na kupewa tiketi ya kielektroniki yenye muda maalumu. Akitaka huduma ya kanzidata anaonyesha tiketi. Neno lake la siri halisafiri kwenye mtandao, na tiketi iliyonaswa haifai muda wake ukipita, kama ilivyo tiketi ya basi la jana. Ninachotaka ulione hapa ni kwamba njia za kulinda faili lako zipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuuliza kama zinatumika.

Pale mlango ulipoachwa wazi

Huko Finland kulikuwa na kampuni ya tiba ya kisaikolojia iliyoitwa Vastaamo. Watu walikwenda kueleza huzuni zao, ndoa zao, mawazo ya kujiua, na mtaalamu aliandika. Mwezi Oktoba 2020 wagonjwa walianza kupokea barua pepe kutoka kwa mtu wasiyemjua. Aliwadai euro 200, la sivyo yale waliyomweleza mtaalamu wao yangewekwa hadharani. Waathirika walikuwa takriban 33,000. Mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya nchi hiyo ilipochunguza, ilikuta kwamba kanzidata ya kampuni ilikuwa imeachwa wazi kwenye intaneti kwa zaidi ya mwaka mmoja, na kwamba akaunti yake kuu, yenye mamlaka yote, haikuwa na neno la siri. Hapakuhitajika ujanja mkubwa kuingia. Kampuni ilifilisika mwaka 2021, lakini maneno ya wagonjwa yalikuwa yameshatoka na hayawezi kurudishwa.

Singapore ni nchi yenye fedha na wataalamu, nayo haikupona. Mwaka 2018 wadukuzi waliiba taarifa za wagonjwa milioni 1.5 wa mtandao wa hospitali za SingHealth, akiwemo waziri mkuu wa wakati huo, Lee Hsien Loong. Kati ya hao, watu wapatao 160,000 ziliibwa pia taarifa za dawa walizoandikiwa. Kamati ya uchunguzi ilitoa ripoti yake Januari 2019. Ilieleza kwamba njia ya mtandao kati ya seva za hospitali moja na kanzidata ya wagonjwa ilikuwa imebaki wazi bila ulazima, na kwamba akaunti moja ya usimamizi ilikuwa na neno la siri rahisi mno: neno la Kiingereza lenye maana hiyohiyo ya "neno la siri", herufi zake mbili zikiwa zimebadilishwa, moja kwa alama na nyingine kwa tarakimu. Wizi uligunduliwa na msimamizi wa kanzidata aliyeona maombi yasiyo ya kawaida akayazuia. Mtu mmoja aliyekuwa macho kazini aliokoa mengi siku ile.

Nchini Marekani, Februari 2024, wahalifu waliingia kwenye kampuni ya Change Healthcare, inayopitisha malipo ya bima kati ya hospitali, maduka ya dawa na kampuni za bima. Mkuu wa kampuni mama aliwaambia maseneta kwamba wahalifu walitumia jina na neno la siri vilivyoibwa, wakapita kwenye mlango ambao haukudai uthibitisho wa pili. Maduka ya dawa nchi nzima yalikwama kushughulikia bima, na wagonjwa wengine walilazimika kulipa fedha taslimu au kusubiri. Kampuni ililipa dola milioni 22 kwa wahalifu. Hata hivyo, taarifa za watu takriban milioni 190 ziliguswa.

Usidhani madhara huishia kwenye aibu na fedha. Juni 2024 kampuni ya vipimo vya maabara ya Synnovis, inayohudumia hospitali kubwa za London, ilishambuliwa na kompyuta zake zikafungwa. Hospitali zilishindwa kulinganisha makundi ya damu kwa kasi ya kawaida, zikalazimika kutumia zaidi damu ya kundi O, na wananchi wakaombwa wajitokeze kuchangia. Miadi zaidi ya 10,000 iliahirishwa. Mwaka mmoja baadaye, hospitali ya King's College ilithibitisha kwamba mgonjwa mmoja alifariki katika kipindi hicho, na kwamba kusubiri muda mrefu majibu ya damu kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochangia kifo chake.

Kosa langu mwenyewe

Ni rahisi kusoma habari hizi na kusema ni za mbali. Kwa hiyo nikueleze ya kwangu.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi kwenye hospitali moja iliyokuwa imeanza kutumia mfumo wa kompyuta. Kupata jina la kuingilia kulichukua wiki nyingi. Madaktari wa mafunzo walikuwa wanakuja na kuondoka kabla hawajapewa. Kazi ilikuwa nyingi, foleni ndefu, nami nikafanya walichofanya wenzangu: niliandika jina langu na neno langu la siri kwenye kipande cha karatasi, nikakibandika chini ya kompyuta ya wodi ya watoto. Watu watano, pengine zaidi, walifanya kazi kwa jina langu.

Usiku mmoja mtoto alilazwa na maambukizi makali. Aliandikiwa sindano ya gentamicin, dawa ambayo kipimo chake hutegemea uzito, na ikizidi inaweza kuharibu figo na masikio. Mtoto yule alikuwa na kilo 12. Kwenye mfumo iliandikwa kilo 21. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima aliyepima watoto kwa mikono yake kwa miaka mingi, alimtazama mtoto, akaitazama dozi, akakataa kuchoma. Alimpima upya, dozi ikarekebishwa, na mtoto aliruhusiwa baada ya siku chache akiwa mzima.

Asubuhi mfamasia aliniuliza kwa nini niliandika kilo 21. Sikuwa kazini usiku ule. Nilikuwa nyumbani nimelala, lakini kompyuta ilisema ni mimi. Hatukuweza kujua ni nani aliyekosea, kwa hiyo hatukuweza kumfundisha. Hatukuweza kujua pia kama kuna watoto wengine aliowaandikia vibaya usiku huohuo. Ilibidi tupitie mafaili yote ya wodi, moja baada ya jingine. Nilikibandua kile kikaratasi siku hiyohiyo, na bado naona haya nikikumbuka.

Tangu hapo ninaposikia mtu anasema ulinzi wa kompyuta ni kazi ya watu wa TEHAMA, namkumbuka yule mtoto. Kujua nani ameandika nini ni sehemu ya tiba, sawa na kunawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa.

Ugumu ulipo

Niwatendee haki pia wenzangu. Mtumishi hamwazimi mwenzake neno la siri kwa sababu ya uovu. Anafanya hivyo kwa sababu mfumo unamtoa kila baada ya dakika mbili, kwa sababu kompyuta ni moja na wauguzi ni wanne, kwa sababu aliyeajiriwa mwezi uliopita hajapewa jina lake. Ukiweka kufuli saba kwenye mlango unaopitwa mara mia kwa siku, watu wataegesha jiwe ubaki wazi.

Kuna pia suala la dharura. Mgonjwa akiletwa hajitambui saa nane usiku, siwezi kuanza kuomba kibali cha kuona kama ana kisukari au ana mzio wa dawa. Mifumo mizuri inaruhusu mlango wa dharura: daktari anaingia mara moja kwa jina lake, anaandika sababu, na kesho yake msimamizi anapitia kumbukumbu hiyo na kuuliza. Mgonjwa anahudumiwa kwa wakati, na aliyeingia kwa udadisi tu anajulikana.

Kwa hiyo uongozi wa hospitali una wajibu kabla ya kumlaumu muuguzi. Kila mtumishi apewe jina lake siku ya kwanza, na lifungwe siku anapoondoka. Kila mtu aone kile kinachohusu kazi yake: karani wa malipo hahitaji kusoma majibu ya kipimo cha VVU. Neno la siri la programu kwenye kanzidata libadilishwe pale mkandarasi anapomaliza kazi. Nakala ya akiba ya taarifa iwepo, itengwe na mtandao, na ijaribiwe kama kweli inafunguka.

Sheria inasemaje

Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Taarifa za afya zinahesabiwa kuwa taarifa nyeti, zinazohitaji uangalizi wa juu zaidi. Anayezikusanya anawajibika kuweka ulinzi unaostahili. Wewe mwenye taarifa una haki ya kujua zinatumikaje, ya kuziona, na ya kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Ukiona haki yako imevunjwa, unaweza kupeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Majirani zetu wa Kenya wana sheria yao tangu mwaka 2019, na ofisi ya kamishna anayepokea malalamiko.

Sheria hizi zimekuja wakati muafaka, kwa sababu bima, maabara, maduka ya dawa na hospitali zinaendelea kuunganishwa. Kila muunganisho mpya ni mlango mpya. Sipingi kuunganisha. Ninachosema ni kwamba kabla ya kufungua mlango, kitasa chake kiwe tayari.

Unachoweza kufanya wewe

Huwezi kwenda kukagua seva ya hospitali, na hakuna anayekutaka ufanye hivyo. Lakini kuna mambo yaliyo mikononi mwako.

Kwanza, uliza kwa upole: "Hapa kila mtumishi anaingia kwenye mfumo kwa jina lake?" Ni swali la heshima na lina jibu fupi. Ukiona neno la siri limebandikwa kwenye kompyuta, mwambie msimamizi wa kitengo au peleka kwenye sanduku la maoni.

Pili, hakiki taarifa kila unapohudumiwa. Soma jina, umri na, kwa mtoto, uzito. Mzazi, mwambie daktari: "Mwanangu leo amepimwa kilo kumi na mbili." Sentensi hiyo moja ingetosha usiku ule niliokusimulia.

Tatu, tunza kadi ya kliniki ya mtoto na nakala za majibu muhimu: kundi la damu, dawa za kudumu, mzio wa dawa. Siku mtandao utakapokuwa chini, karatasi hiyo itamsaidia daktari kuendelea.

Nne, namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu yako kwa ajili ya bima au huduma ya afya usimsomee mtu aliyekupigia, hata akisema anatoka hospitali. Namba ile ni ufunguo wako. Mwenye haki ya kuitumia ni wewe, pale unapohudumiwa.

Tano, usirushe picha ya majibu ya vipimo kwenye makundi ya WhatsApp ukiomba ushauri. Seva ya hospitali ikiwa imefungwa vizuri namna gani, haiwezi kulinda kile ulichokisambaza mwenyewe. Kama ni lazima umtumie ndugu, mtumie yeye peke yake.

Sita, jambo hili lisikufanye umfiche daktari. Naliogopa hili kuliko yote. Mgonjwa asiyeuamini mfumo huanza kukata maneno: hasemi kuhusu ujauzito uliotoka, hasemi kuhusu dawa za kufubaza VVU, hasemi kwamba halali usiku. Nami nikiandika dawa bila kujua hayo naweza kumuumiza. Kama una jambo ambalo hutaki liingie kwenye kompyuta, niambie kwanza, kisha tujadiliane nini kiandikwe na nani atakiona.

Safari ijayo ukiwa mapokezi, karani akikuuliza namba yako, mpe. Halafu muulize na wewe lile swali la kwanza. Akijibu, msikilize. Akikosa jibu, mwombe akuelekeze kwa anayelijua. Uongozi ukisikia swali hilo likirudiwa na wagonjwa kila wiki, utaanza kulitafutia jibu.